Sehemu ya 23: Mtoto aliyeitwa Mtumwa



Najua wiki iliyopita niliahidi leo tuzungumze uji wa mtoto wa miezi sita, na wengine mmeshaanza kuniuliza inbox "sista, soya tuweke au tusiweke?" Uji utakuja, Jumapili ijayo Mungu akipenda. Leo nina jambo limenikaa kifuani na nisipolitoa sitalala. Lina mwimbaji ndani yake, tena wa zamani sana, halafu lina kosa langu mimi mwenyewe. Nianze na kosa.

Mnajua siku ya kliniki inavyokuwa. Asubuhi Nshamba ukungu bado umekaa juu ya migomba, kina mama wamefika na vitenge viwili viwili, mmoja wa kumbebea mtoto na mwingine wa baridi. Benchi limejaa, mzani unaning'inia, kadi zimerundikana mezani. Mimi nachukua kadi moja moja, naita jina, mama anasimama. Siku hiyo nikachukua kadi ya kitoto cha kike, wiki sita, chanjo ya kwanza ya penta. Nikasoma jina kwa sauti.

Jina lenyewe silitaji hapa. Ni la Kihaya, na ukilipeleka kwenye Kiswahili maana yake ni kama "wa njiani", yaani kitu kilichookotwa. Nililisoma, nikasita, nikalisoma tena kama naulizia. Na nikacheka. Kicheko kidogo tu, cha mtu aliyeshangaa. Lakini nesi akicheka, benchi zima limepewa ruhusa. Wakacheka wote.

Binti akasimama. Ana kama miaka kumi na tisa. Akamleta mtoto, akapimwa, akachomwa sindano, mtoto akalia, mama hakusema neno. Hakuniangalia usoni. Wiki ya kumi hakuja. Ya kumi na nne, kimya.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndio walionieleza baadaye. Mwenye mimba alikana, upande wake wakasema huyo si damu yetu, na kwa kuwa kwetu jina la ukoo hutoka kwa baba, mtoto akakaa siku kadhaa bila jina. Kisha bibi mmoja wa hukohuko akatamka hilo, kwa dharau, mbele ya watu, na likashika. Binti akaja nalo kliniki kwa sababu ndilo lililoandikwa. Akanikuta mimi, na kicheko changu.

Basi usiku mmoja niko zamu, wodi ya wazazi imetulia, mama mmoja tu anasubiri uchungu ukolee. Kwenye simu ikaja taarab ya zamani, ile ya santuri, yenye mkwaruzo kama mvua juu ya bati. Nikakumbuka kitabu. Nilipokuwa sekondari mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na nakala yake mwenyewe ya "Wasifu wa Siti binti Saad", alichoandika Shaaban Robert, imechakaa mpaka jalada limeshikwa na gundi ya mti. Alituazima kwa zamu. Miaka yote hiyo nilikuwa nakumbuka sauti na safari ya Bombay, lakini usiku ule kilichonirudia ni jina. Kwa sababu Siti hakuzaliwa Siti.

Alizaliwa kijiji cha Fumba, kule Unguja, karibu mwaka 1880. Baba Mnyamwezi, mama Mzigua, yaani watu wa bara kama sisi, waliofika kisiwani katika zama za utumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katikati hapo, soko limefungwa na utumwa bado upo. Wakampa jina Mtumwa.

Hebu litamke polepole, mama. Umebeba mimba miezi tisa, umejifungua, mtoto ananyonya, na unamwita hivyo. Mtumwa, njoo ule. Mtumwa, usiende mbali.

Msidhani ni ya kale tu. Kwenye madaftari yetu naandika Tabu, Shida, Matatizo, Sikujua. Wengine huwapa watoto majina hayo ili kifo kisiwatamani, baada ya kupoteza wawili watatu, na hao siwezi kuwacheka. Jina la mtoto mara nyingi ni historia ya mama yake. Tatizo linaanza pale jina linapotolewa na mtu mwingine ili kumkomoa mama kupitia mtoto.

Turudi Fumba. Familia ilikuwa ya wafinyanzi. Mama alimfundisha binti kufinyanga vyungu, na vikishachomwa anavibeba kichwani kwenda kuuza mjini. Mnaouza ndizi barabarani mnaijua kazi hiyo, biashara ya kichwani haina kibanda, kibanda chako ni sauti yako. Alikuwa anaita wateja, na inasimuliwa kwamba watu walimtambua kwa sauti kabla hawajauona uso wala vyungu. Shule hakwenda. Kusoma na kuandika hakujua.

Mwaka 1911 akahama shamba, akaingia mjini. Piga hesabu. Miaka thelathini na kitu. Tayari alikuwa mama. Kwa zama zile mwanamke wa umri huo, asiye na elimu wala mali, alihesabiwa amekwisha. Huko mjini akakutana na mtu aitwaye Ali Muhsin, mwanamuziki wa kile kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, akamfundisha kuimba na namna ya kufuata ala.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo taarab ilikuwa nini wakati huo, maana wengi tukisikia taarab tunafikiria mipasho ya harusini. Ilikuwa muziki wa ikulu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wanamuziki kutoka Misri wamburudishe, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim hukohuko Misri kujifunza. Aliporudi, watu wakakaa kwa heshima zao, kanzu na vilemba, udi, fidla, kanuni, na nyimbo zote kwa Kiarabu. Asiyejua Kiarabu alifaidi sauti tu. Wanawake hawakuwa wakipanda mbele ya hadhara ya namna ile.

Na Siti alianzia hapohapo, kwenye Kiarabu. Hakujua kusoma, kwa hiyo alijifunza kwa masikio, alisikia na kurudia mpaka ikakaa. Alijifunza kusoma Kurani kwa ghibu, akaimba Kiarabu mpaka Waarabu wenyewe wakatikisa vichwa. (Umm Kulthum wa Misri naye alianza hivyohivyo, baba yake imamu alimfundisha kusoma Kurani kwanza. Ndiyo maana watu hupenda kuwalinganisha wawili hawa. Mimi naona tofauti moja. Umm Kulthum aliimba lugha aliyonyonya. Siti aliazima ya watu akaimudu, kisha akarudi kwa ya kwake.)

Maana kilichomfanya awe Siti ni pale alipoimba Kiswahili. Muziki wa ikulu, ala zilezile, lakini maneno ya mtaani, ya wauza samaki na wachukuzi na kina mama wa Ng'ambo. Alikuwa na wenzake, Subeti bin Ambari, Maalim Shaabani, Mbaruku, Buda. Jioni walikutana nyumbani kwake, watu wakaja na habari za siku, nani kadhulumiwa, karani gani kala hela, mume gani kafanya nini, na habari ikageuka wimbo. Kazi ya kutunga ilikuwa ya pamoja, mmoja na mstari, mwingine na sauti, na kesho yake mji mzima unaimba. Masikini na sultani wakamwalika.

Hilo jina Siti alipewa ukubwani, na bwana mmoja wa Kiarabu, kwa kumheshimu. Kwa Kiarabu ni sawa na kusema "bibie", mwanamke wa heshima. Mtumwa akawa Bibi. (Mnavyoniita "sista" mnapotaka mpite mbele ya foleni, nami huwa najiona hivyohivyo. Natania.)

Msidhani walinyamaza. Waliokerwa walimsema uso wake, kwamba si mzuri, kwamba ni muuza vyungu wa shamba, kaona wapi ustaarabu. Wakatunga na nyimbo za kumkejeli. Naye akajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na fahari ya nasaba si kitu pasipo akili na tabia njema. Nilipofika hapo usiku ule nilijiona mimi niko benchi lipi. Nilikuwa na wale wacheka vyungu.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV ikawapeleka Bombay, India, kurekodi. Mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri za biashara, na ana miaka kama arobaini na nane. Wewe unayeniandikia "sista nina thelathini na mbili, ndoto zangu zimeshapita", haya. Walisafiri kwa meli kuvuka bahari. Santuri zile upande mmoja ulibeba dakika kama tatu tu, kwa hiyo nyimbo za usiku mzima zilibidi zibanwe. Ziliuzwa pwani yote hadi bara, na waliokuwa hawajawahi kusikia Kiswahili kikitoka kwenye mashine wakasikia sauti ya binti wa mfinyanzi.

Sisi watu wa Kagera jambo hili hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 2001 Saida Karoli wa kwetu Bukoba alipotoka na "Maria Salome", aliimba Kihaya, na Dar es Salaam nzima ikacheza bila kujua anasema nini. Nakumbuka namna watu wa mikoa mingine walivyotufuata tuwatafsirie! Ghafla lugha tuliyoambiwa darasani tusiiongee ikawa ya kujivunia. Siti aliwafanyia watu wa Zanzibar kitu cha aina hiyo miaka zaidi ya sabini kabla, na bila redio.

Kuna wimbo wake mmoja lazima niusimulie kwa sababu ya kazi yangu. Unaitwa "Kijiti". Ni kisa cha kweli. Kijiti ni mwanamume aliyemchukua mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja, kwa kisingizio cha kumpeleka ngomani, akamfanyia ukatili, akamuua. Mwanamke yule alikuwa na mimba. Kijiti akakimbilia bara. Na mahakama ya wakati huo ilifanya nini? Waliokwenda kutoa ushahidi, wanawake waliokuwa pamoja na marehemu usiku ule, ndio wakatiwa hatiani, kwa habari ya pombe waliyobeba. Muuaji yuko huru, mashahidi jela.

Magazeti hayakuwa ya watu kama wao. Siti akaimba. Akataja jina, akataja mahali, akataja mimba. Mpaka leo, karibu miaka mia, jina la Kijiti bado linajulikana kwa lile alilofanya.

Mimi napokea kina mama wajawazito. "Nimeteleza bafuni, sista." "Nimegonga mlango." Mlango gani unaacha alama za vidole mkononi? Na nikimwambia tuandike, twende polisi tukachukue PF3, kuna Dawati la Jinsia pale, jibu ni lilelile: nikisema, mimi ndiye nitakayeonekana mbaya. Yaani mashahidi wa Kijiti bado wanafungwa, safari hii na midomo ya watu. Mama, ukija kwangu na jambo hilo, mlango nafunga, na sitakuuliza ulikuwa umefanya nini mpaka akakupiga. Na kwa mtoto anayefanyiwa ukatili, namba 116 ni bure, hata jirani anaweza kupiga.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Nyuma yake wakaja wengi, Bi Kidude mmojawapo, ambaye nyimbo za Siti aliziimba mpaka uzeeni. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, walipoanzisha jarida lao waliliita "Sauti ya Siti". Na mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake. Kitukuu anaitwa Siti. Hakuna aliyerithi Mtumwa.

Sasa, yule binti.

Sikutaka kumtuma mhudumu. Jumamosi nilipotoka zamu nilichukua bodaboda mpaka pale njia inapoishia, nikashuka kwa miguu kibanjani. Mvua ilikuwa imenyesha, nimefika viatu mkononi. Alikuwa anaanua maharage. Mama yake mzazi yuko mlangoni, akanikaribisha ndani, majani mapya yametandikwa chini, nikakaa. Nikaamkia, nikajibiwa, kahawa ya kutafuna ikaletwa kwenye kikapu kidogo. Mambo yote ya heshima nikafanyiwa, jambo lililoniumiza zaidi, maana mimi sikuwafanyia.

Nikamwambia mama mzazi mbele ya binti yake: nimekuja kuomba msamaha, nilimcheka mjukuu wako. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Yakaisha hapo.

Bibi akanyamaza. Binti akaendelea na maharage. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Jina nimelizoea, sista. Kilichonishinda ni kile kicheko. Nikasema kumbe hata hospitali."

Kumbe hata hospitali. Nimeyabeba maneno hayo wiki tatu.

Nikawaeleza habari za Siti, kwa Kihaya, kadiri nilivyoweza. Nilipofika kwenye vyungu yule bibi akacheka, akasema hata mama yake mkubwa alikuwa anafinyanga. Nilipotaja jina la Mtumwa alishika mdomo. Akauliza, "Na mama yake alikubali?" Sikuwa na jibu. Hilo ndilo swali, na kitabu hakinisaidii. Huenda hakuulizwa, kama binti yako hakuulizwa.

Sikumwambia abadilishe jina. Nilimweleza tu kwamba cheti cha kuzaliwa cha RITA bado hakijaandikwa, kwamba yeye ni mama na ana haki ya kumwandikisha mtoto wake, na kwamba kitakachoandikwa pale ndicho kitakachosomwa darasa la kwanza, kwa mwalimu, mbele ya watoto wengine hamsini. Kisha nikapiga kimya. Kuna wakati nesi anapaswa kunyamaza, na mimi sina kipaji hicho, mnajua.

Alhamisi iliyofuata alikuja. Alikaa mwisho kabisa wa benchi. Tulimwanzishia chanjo zilizopitwa na wakati, maana mama zangu, mtoto akikosa wiki ya kumi haturudi mwanzo na hatumfukuzi, tunaendelea pale alipoishia. Msiogope kuja mmechelewa. Kuja umechelewa ni bora mara mia kuliko kukaa nyumbani kwa aibu, na atakayekugombeza niletee mimi.

Kadi ilikuwa na jina lilelile juu. Chini yake, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu aliyeandika taratibu asikosee, kulikuwa na jina la pili. Hilo pia silitaji, ni la kwao. Nitasema tu kwamba ni la yule mama mkubwa mfinyanzi.

Nikasimama, nikatembea mpaka mwisho wa benchi, nikainama, nikamwita kwa jina hilo la pili, kwa sauti ambayo yeye na mtoto tu wangeisikia. Siku hizi nawaita wote hivyo, na foleni inakwenda taratibu kidogo, mtanivumilia.

Kliniki ni Jumanne na Alhamisi kama kawaida. Kadi msisahau nyumbani, na kitenge cha pili mje nacho, asubuhi kuna baridi. Jumapili ni uji.